Macho hayana pazia

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, wahenga wetu walisema macho hayana pazia. Walikuwa na maana yao, kwamba huwezi kumzuia mtu kutazama. Lakini juma hili nataka tuichukue methali hiyo kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu humo ndimo ilimo historia nzima ya miwani ya jua. Binadamu alizaliwa na kope, hakuzaliwa na pazia. Pazia alilitengeneza mwenyewe, akahangaika nalo kwa karne nyingi, na leo, baada ya kazi yote hiyo, sisi watu wa mjini tunaliharibu kwa pindo la shati.

Bila shaka yupo atakayeguna na kusema, huyu naye amekosa la kuzungumza. Maji yanakatika, nauli imepanda, yeye anatuletea habari ya kufuta miwani! Namwomba avute subira. Nitakayoyasema yanamhusu fundi wa kuchomelea vyuma, yanamhusu dereva wa bodaboda, na yanamhusu mtoto mwenye ualbino anayesoma ubaoni darasani. Kwa watu hao miwani si pambo. Na kama tutakavyoona, tangu mwanzo haikuwa pambo.

Tuanzie mbali kabisa, kaskazini ya dunia. Wainuit na Wayupik, wakazi wa Greenland, Kanada ya kaskazini, Alaska na ncha ya Siberia, ndio tunaowajua kuwa walitengeneza pazia la macho mapema kuliko watu wengi. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua huko, kwenye mwambao wa bahari ya Bering, miwani iliyochongwa karibu miaka 2,000 iliyopita. Haikuwa na kioo hata chembe. Fundi alichukua kipande cha pembe ya kulungu wa huko, au mfupa, au jino la mnyama wa baharini aitwaye walrasi, au gogo lililosukumwa ufukweni na maji, akakichonga kikae sawasawa juu ya pua na mashavu, kisha akakata ufa mwembamba mbele ya kila jicho. Mwanga ulipita kwenye ufa huo tu. Wainuit wa Kanada huiita iggaak.

Kwa nini walihangaika hivyo? Kwa sababu ya theluji. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluji mpya huweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ile ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15 tu. Kwa hiyo mwindaji anayetembea juu ya barafu mchana kutwa hupigwa na jua la juu, na hupigwa tena na jua la chini. Mionzi hiyo huunguza konea, yaani lile tabaka angavu la mbele ya jicho. Ubaya wake ni kwamba haiumi wakati huo huo. Saa kadhaa baadaye, aghalabu usiku, mtu huhisi kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni. Machozi hutiririka, kope hazifunguki, na taa ndogo tu humfanya apige kelele. Huo ndio upofu wa theluji. Kwa kawaida hupona kwa siku moja hadi tatu, lakini siku tatu za upofu katikati ya barafu, peke yako, zinatosha kukuua.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mazungumzo haya. Ile miwani ya pembe haikupata ukungu, kwa sababu haikuwa na kioo cha kushika mvuke wa pumzi. Haikuwa na mikwaruzo, kwa sababu hakukuwa na cha kukwaruzwa. Matunzo yake yalikuwa madogo: kutoa theluji iliyoziba ufa, na kupaka masizi upande wa ndani ili weusi wake umeze mng'ao wa jua. Basi. Watu hao hawakuwa na kiwanda wala chuo, lakini walitengeneza kinga ambayo mtu hana sababu ya kuivua. Na kinga nzuri ndiyo hiyo. Kinga inayokusumbua utaivua, na ukishaivua si kinga tena.

Ulaya ilipoingia kwenye theluji na miwani yake ya kioo, ndipo taabu zilipoanza. Kioo cheusi ni kizuri kwa kuzuia mwanga, lakini kioo ni kitu cha baridi. Pumzi ya mtu na jasho la uso wake ni mvuke wa moto. Mvuke ukigusa kitu cha baridi hugeuka matone madogo, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone hayo ndiyo ukungu. Penye baridi kali zaidi, ukungu huganda ukawa barafu. Mvaaji haoni mbele. Atafanya nini? Ataivua.

Mwaka 1902, katika safari ya Kapteni Robert Scott kule Antaktika, alikuwamo daktari aitwaye Edward Wilson, ambaye pia alikuwa mchoraji hodari. Wilson alijua kuliko wenzake wote hatari ya kukaa macho wazi kwenye theluji. Lakini huwezi kuchora milima huku umevaa kioo cheusi. Alikuwa akivua miwani ili achore, na mwishoni mwa Desemba ya mwaka huo macho yake yaliungua vibaya hata ikambidi atembee amefungwa kitambaa usoni, akivuta mizigo bila kuona anakokwenda.

Miaka 22 baadaye, tarehe 4 Juni, 1924, Mwingereza mwingine, Edward Norton, alipanda mlima Everest hadi mita 8,573 bila msaada wa hewa ya chupa. Hakuna aliyekuwa amefika juu hivyo kabla yake kwa namna ambayo tuna ushahidi nayo. Alipokuwa akipita kwenye miamba alivua miwani yake ili aone vizuri pa kukanyaga. Usiku huo alipofuka. Siku mbili baadaye wenzake wawili, George Mallory na Andrew Irvine, waliondoka kambini kwenda kujaribu kufika kileleni, na Norton, kiongozi wa msafara, alikuwa amelala hemani haoni. Aliwaaga kwa kuwashika mikono. Mallory na Irvine hawakurudi. Mwili wa Mallory ulipopatikana mlimani tarehe 1 Mei, 1999, miwani yake ya theluji ilikuwa mfukoni. Hadi leo wachambuzi hubishana juu ya miwani hiyo: wapo wasemao kuwa mfukoni ni dalili kwamba jua lilikuwa limeshatua, na kwamba mauti yaliwakuta wakishuka gizani.

Msikilizaji, naona kuna mmoja anasema, hayo ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Theluji ni yetu pia. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una barafu kileleni ingawa inapungua mwaka hadi mwaka, na vijana wetu wa Moshi na Marangu hupandisha wageni huko kila juma. Kadiri unavyopanda, kinga ya hewa hupungua: kila mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Majirani zetu wa Kenya nao, mwaka 1998, walimpeleka Philip Boit kwenye michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, akashindana kuteleza kwenye theluji kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, wa 92, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Mwaka 2018 Kenya hiyo hiyo ikapeleka Korea Kusini binti aitwaye Sabrina Simader, ambaye mchezo wake ni ule wa kuteremka mlima kwa kasi, ambao huwezi kuucheza bila miwani kubwa ya theluji inayofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa.

Sasa turudi kwenye historia, kwa sababu ukungu ulipata dawa, na mikwaruzo ikapata dawa, kila mmoja kwa njia yake.

Ukungu ulipata dawa kutoka kwa mtu ambaye hakuwa fundi wa miwani hata kidogo. Bob Smith alikuwa daktari wa kunyoosha meno nchini Marekani, mpenzi wa kuteleza kwenye theluji. Siku nzuri za mchezo huo ni zile ambazo theluji mpya imeanguka usiku, na hizo ndizo siku ambazo miwani ilijaa ukungu kuliko zote. Katikati ya miaka ya 1960, kwa vifaa vyake vya kutengenezea meno, alibandika vioo viwili vya plastiki akaacha nafasi ya hewa katikati, akaziba kingo zisiingie maji, na pembeni akaweka sponji ya kupitisha hewa. Ni akili ile ile ya madirisha ya nchi za baridi, yenye vioo viwili. Kioo cha nje hupigwa na baridi, cha ndani hubaki na joto la uso, na mvuke haupati mahali pa kugandia. Inasimuliwa kuwa mwanzoni alikuwa akibadilishana miwani hiyo kwa tiketi za kupanda mlimani. Mwaka 1965 akaanzisha kampuni, na leo miwani ya theluji karibu yote hufuata njia aliyoifungua.

Wakati huo huo ukungu ulikuwa ukiwasumbua watu walio mbali zaidi na ardhi. Tarehe 5 Juni, 1966, mwanaanga wa Marekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo Gemini 9. Kazi ilikuwa nzito kuliko walivyotazamia, akatokwa jasho, na kioo cha kofia yake kikafunikwa na ukungu kabisa. Hakuweza kuingiza mkono ndani ya kofia akifute. Alikisugua kwa ncha ya pua mpaka akapata kitundu cha kuchungulia, na kwa kitundu hicho, baada ya zaidi ya saa mbili nje, akarudi ndani akiwa hai. Baada ya hapo kofia za wanaanga zilipakwa dawa ya kuzuia ukungu. Na msingi wa dawa hiyo ulikuwa nini? Sabuni. Sabuni hulegeza maji yasisimame kuwa matone, yatandae kama utando mwembamba unaopitisha mwanga. Kinyozi wa mtaani aliyepaka sabuni kwenye kioo chake wakati wa masika analijua jambo hilo.

Lakini hata sabuni ina adabu yake. Mwezi Aprili 2001, mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, alikuwa nje ya kituo cha anga akifunga mkono mkubwa wa mitambo. Ghafla jicho moja likawaka moto, likajaa machozi. Kwa kuwa huko juu machozi hayaanguki, yalijikusanya yakavuka pua mpaka jicho la pili. Akawa kipofu katika anga za juu. Ilibidi asubiri machozi yenyewe yaoshe macho. Chanzo kilichotajwa kilikuwa dawa ile ile ya kuzuia ukungu iliyobaki ndani ya kofia. Fundisho ni jepesi: ukipaka sabuni, isuuze.

Upande wa mikwaruzo, habari ni tofauti, na ndiyo inayotugusa sisi tuliozoea vumbi. Kwa karne nyingi miwani ilikuwa ya kioo halisi. Mwaka 1913 mwanasayansi wa Uingereza, Sir William Crookes, alitoa matokeo ya majaribio zaidi ya 300 ya kuchanganya kioo na madini mbalimbali. Hakuwa akitafuta urembo. Alikuwa akitafuta kioo cha kuwakinga wafanyakazi wa tanuri za kuyeyushia vioo, waliokuwa wakipata mtoto wa jicho kwa kutazama moto miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo mmoja wa mababa wa miwani ya jua ya leo alikuwa anamfikiria mfanyakazi. Urembo ulikuja baadaye. Mwaka 1929 Sam Foster alianza kuuza miwani ya bei nafuu kwa watu wa ufukweni huko Atlantic City, Marekani. Mwaka 1937 ikaingia sokoni Ray-Ban ya kampuni ya Bausch & Lomb, iliyotokana na malalamiko ya marubani juu ya mng'ao wa jua. Baada ya hapo wacheza sinema walimaliza kazi, na miwani ya jua ikawa alama ya ubwana.

Kioo kilikuwa kizito na kilivunjika kikaingia machoni, lakini kilikuwa na sifa moja: kilikuwa kigumu. Wazee wetu waliokuwa na miwani walipuliza pumzi juu ya kioo, hah, wakasugua kwa kitambaa cha mfukoni, na kioo kikang'aa miaka ishirini. Tuliwaona tukiwa wadogo, tukajua hivyo ndivyo miwani inavyofutwa. Tabia hiyo tukairithi.

Kumbe kitu chenyewe kilishabadilika. Mwaka 1940 kampuni moja ya Marekani ilipata plastiki ngumu iliyoitwa CR-39, kwa sababu ilikuwa mchanganyiko wa 39 katika majaribio yao. Wakati wa vita ilitumika kwenye ndege, na mwaka 1947 ikaanza kutengenezewa miwani. Uzito wake ni kama nusu ya kioo. Mwaka 1953, Ujerumani na Marekani, kila upande kwa wakati wake, zikapata plastiki nyingine, polikaboneti, ambayo ukiipiga nyundo haipasuki. Mwaka 1972 serikali ya Marekani ikaamuru kwamba vioo vyote vya miwani viweze kuhimili pigo, na plastiki ikapata soko kubwa zaidi. Leo miwani nyingi unayoiona Kariakoo, iwe ya bei ndogo au kubwa, ina plastiki mbele ya jicho, hata kama kinywani tunaendelea kuiita kioo.

Na plastiki haivunjiki, lakini inakwaruzika. Hapa ndipo penye siri nzima. Vumbi la mitaa yetu ni mchanga uliosagika. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, na kioo ni kigumu kuliko plastiki. Ukichukua miwani yenye vumbi, kavu kavu, ukaisugua kwa shati, hujaifuta. Umeipiga msasa. Kila punje imechora mstari. Mstari mmoja hauonekani. Mistari elfu moja ni ule utando wa kijivu unaokufanya udhani macho yako yamechoka. Usiku taa ya gari likujalo hutawanyika kwenye mistari hiyo ikawa kama jua dogo. Ndiyo maana viwanda vilipaka tabaka gumu juu ya plastiki, na miaka ya 1980 kampuni ya Foster Grant ilipata leseni ya kutumia tabaka lililotokana na utafiti wa shirika la anga la Marekani. Lakini tabaka hilo ni jembamba mno, nalo lina adui zake: mchanga, joto la dashibodi ya gari, na kemikali kali.

Basi tuseme wazi namna ya kutunza, kwa maji ya kikombe kimoja tu. Kwanza mwagia maji, usiguse kitu. Maji yaondoe mchanga kabla kidole hakijafika. Pili, weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na mafuta ya kulainisha mikono, upake kwa ncha za vidole pande zote mbili, pamoja na pale kwenye pua panapokaa jasho na vipodozi. Tatu, suuza mpaka utelezi uishe, ukimkumbuka Hadfield. Nne, kung'uta, kisha kausha kwa kugusa-gusa na kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa, au vile vitambaa vya nyuzi nyembamba sana vinavyotolewa na miwani. Kitambaa chenyewe kifuliwe pia, maana kitambaa kichafu ni msasa uliokunjwa. Karatasi ya chooni isitumike, kwa kuwa ni nyuzi za mti. Petroli, thina, dawa ya kuondoa rangi ya kucha na dawa kali ya madirisha visikaribie, vinakula plastiki au tabaka lake. Miwani isiwekwe kifudifudi mezani, isiachwe ndani ya gari juani, na isipandishwe kichwani kwenye mafuta ya nywele. Kikasha kigumu ndicho nyumba yake.

Kwa wale watakaopanda Kilimanjaro au walio na ndugu Ulaya na Marekani kaskazini wanaoteleza kwenye theluji, miwani ile kubwa ina sharti la ziada: ndani usisugue kabisa. Upande wa ndani umepakwa dawa laini ya kunywa mvuke, na ikiwa imelowa hutoka kama rangi mbichi. Kung'uta theluji, gusa-gusa kwa kitambaa safi, iache ikauke yenyewe chumbani, mbali na moto. Na usiipandishe kwenye paji la uso ukipumzika, kwa kuwa jasho la paji ndilo linaloijaza ukungu.

Hayo ni ya miwani. Sasa nije kwa watu niliowataja mwanzoni.

Majuzi nilipita Gerezani, hapa Dar es Salaam, nikamkuta kijana anachomelea geti huku amevaa miwani ya jua, tena ile ya mitindo. "Shikamoo mzee," akanisalimia bila kuinua kichwa. Nikaitikia, nikamuuliza kofia ya kuchomelea iko wapi. Akanionesha kwa mguu, ilikuwa chini ya benchi. "Ile mzee kioo chake kimejaa madoa ya cheche, sioni ninachounga. Hii angalau naona." Nikamuuliza, na usiku? Akacheka. "Usiku kukiwaka natia maziwa. Asubuhi naamka naendelea."

Msikilizaji, ugonjwa anaoupata kijana yule usiku ndio ule ule wa Wilson na Norton. Mwanga wa kuchomelea hutoa mionzi ile ile ya urujuanimno, na hapa kwetu upofu wa theluji upo bila theluji. Miwani ya jua haiwezi kumkinga. Haina weusi wa kutosha, na pembeni iko wazi. Kazi ya kuchomelea kwa umeme inataka kioo maalumu cha namba 10 au zaidi. Wala maziwa si dawa. Yanaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lenye jeraha. Jicho lililoungua linataka giza, mapumziko na mtu wa afya wa kulitazama.

Lakini zingatieni sababu aliyonipa. Hakusema hana kofia. Hakusema hajui hatari. Alisema kioo kimechafuka, haoni. Ni sababu ya Norton pale mwambani, neno kwa neno. Na kofia zile zimetengenezwa kwa akili: mbele ya kioo cheusi kuna kioo cheupe chepesi cha kupokea cheche, ambacho huchomolewa na kubadilishwa kikijaa madoa. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya geti moja. Mwenye karakana anayenunua vyuma kwa mamilioni na kushindwa kununua vioo hivyo kwa vijana wake, huyo hana haki ya kusema mafundi wake ni wakaidi.

Dereva wa bodaboda naye ni hivyo hivyo. Huanza na miwani safi, akaifuta kwa fulana kila kituo, baada ya miezi miwili haoni taa za mbele, anaivua. Siku inayofuata mdudu au jiwe dogo linamwingia jichoni akiwa na abiria nyuma.

Na mtoto mwenye ualbino. Macho yake yana rangi kidogo ya kuzuia mwanga, kwa hiyo jua la saa sita kwake ni kama ile barafu ya Wainuit. Wapo wafadhili na vyama vinavyogawa miwani na kofia, na kila tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya kukuza uelewa juu ya ualbino, tunaona picha za makabidhiano. Ni jambo jema. Lakini nimehudhuria hafla za namna hiyo kwa kazi yangu, na mara nyingi mtoto hupewa miwani mkononi, bila kikasha, bila kitambaa, bila mtu wa kumwambia mama yake neno moja juu ya maji na sabuni. Mtoto anacheza, vumbi linaingia, gauni la shule linafuta. Muhula haujaisha miwani imekuwa kijivu, mtoto anaivua kwa sababu haoni ubao, na mwalimu anaandika kwamba anakataa kuvaa miwani. Hakatai. Ameondolewa pazia kidogo kidogo bila mtu kujua. Kikasha cha plastiki na kitambaa vingeongeza gharama kidogo tu. Naomba vyama na wafadhili wanaonisikia walitazame hilo kabla ya Juni ijayo.

Tahadhari ya mwisho, kwa mnunuzi. Weusi wa miwani si kipimo cha kinga. Plastiki inaweza kuwa nyeusi kama makaa na bado ikapitisha urujuanimno, na mbaya zaidi, gizani mboni ya jicho hufunguka na kuukaribisha. Tafuta alama ya UV400. Na kwa kuwa karatasi ya alama huweza kubandikwa na yeyote, maduka mengi ya miwani yana kifaa kidogo cha kupimia. Omba wakupimie, ni kazi ya dakika moja.

Mtu wa kale alichonga ufa kwenye pembe, akapaka masizi, akavaa mpaka jioni. Sisi tumepewa matunda ya Crookes, ya Smith, ya wataalamu wa anga, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Yaliyobaki ni kikombe cha maji na tone la sabuni. Macho hayana pazia, na pazia tulilolitengeneza halijifui lenyewe.

Mpaka juma lijalo, tukijaliwa.